UZI: Gari linachemsha? Kabla hujanunua kifaa chochote, jibu kwanza linachemsha WAKATI GANI

Mleta uzi:

Habari zenu wakuu.

Desemba ya mwaka juzi niliua injini ya Toyota Spacio yangu kwenye mlima Kitonga, nikiwa na mke na watoto wawili, tunaelekea Njombe kwa wazazi. Nimechelewa kuandika kwa sababu kila nikianza nakumbuka hela niliyomwaga gereji kabla ya ile safari, naacha. Ila wiki iliyopita jirani yangu kaingia njia ile ile. Ameshabadilisha wota pampu, sasa anaambiwa anunue feni. Nikaona niandike tu.

Gari lilianza kuchemsha miezi mitatu kabla ya safari. Kwenye foleni za Dar halikuwahi kusumbua, mshale unakaa katikati hata nikisimama saa nzima Ubungo. Lakini nikitoka kuelekea Chalinze, nikishika 100 kwa dakika kama ishirini, mshale unaanza kupanda. Nikipunguza hadi 70, unashuka. Fundi wa kwanza akabadilisha feni. Wa pili akabadilisha wota pampu. Wa tatu akang'oa themostati, akaitupa chini mbele yangu, akasema "bosi, hii ni ya nchi za baridi". Hakuna aliyeniuliza linachemsha wakati gani. Na mimi sikujua kwamba jibu lote liko kwenye swali hilo.

Siku ya safari tulisimama Ruaha Mbuyuni, mama watoto akanunua vitunguu, mshale uko katikati. Tukaanza kupanda Kitonga nyuma ya lori lililobeba mabati, AC imewashwa, gia iko D. Kona ya tatu hivi mshale ukaanza kupanda. Nikajisemea nikifika juu nitapumzika. Naomba mlitie akilini hilo neno, "nikifika juu", maana ndilo lililoniulia injini. Mshale ukagusa nyekundu, halafu baada ya dakika moja ukaanguka ghafla hadi chini kabisa. Nikashukuru Mungu, nikadhani limepoa.

Halikuwa limepoa. Maji yalikuwa yameisha, sensa ikawa inapima mvuke mtupu, ndiyo maana mshale ukaanguka. Hazikupita dakika mbili injini ikaanza kugonga kama mtu anapiga bati kwa nyundo, nguvu ikaisha, ikazima. Tulivutwa hadi Iringa.

Fundi wa Iringa, mzee mtaratibu, hakuanza na injini. Alifungua rejeta, akang'oa tanki lake la juu, akaniita nichungulie. Vile vijia vya maji, zaidi ya nusu vilikuwa vimeziba. Ndani kuna kitu cheupe kigumu, kile kile kinachoganda ndani ya birika la chai, na juu yake tope jekundu la kutu. Akaniuliza, "Unajaza maji gani?" Nikamjibu ya kisima cha nyumbani. Kisima chetu kina chumvi, sabuni haitoi povu vizuri, na mimi nimelijaza gari maji hayo miaka minne.

Kwa hiyo feni ilikuwa nzima, pampu ilikuwa nzima, themostati ilikuwa nzima. Mjini injini inafanya kazi ndogo, joto lake ni dogo, nusu rejeta ilitosha kulipoza. Kwenye kasi na mlimani joto linaongezeka, nusu rejeta haitoshi. Ishara zote zilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe.

Maji yanazunguka hivi: wota pampu inayasukuma ndani ya injini, yanabeba joto, yanatoka kwa mpira wa juu kuingia rejeta, upepo unayapoza, yanarudi kwa mpira wa chini. Katikati ya njia kuna themostati, mlango unaofunguka wenyewe maji yakipata moto wa nyuzi 80 hadi 90 hivi, kutegemea injini. Na juu kuna mfuniko wa rejeta, kifaa kidogo ambacho watu wanakidharau kuliko vyote. Kazi yake ni kushikilia presha. Maji matupu yanachemka kwa nyuzi 100 ukiwa pwani. Ukiwa Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwa nyuzi 95 hivi. Mfuniko ulioandikwa 1.1 (ndicho kipimo cha presha yake) ukiwa mzima unasogeza kiwango hicho hadi karibu nyuzi 120. Raba yake ikikatika, maji yanachemka mapema na kumwagikia tanki la akiba, wewe unabaki kubadilisha mapampu.

Swali lenyewe sasa.

Linachemsha kwenye foleni, ukikimbia linapoa? Tatizo ni upepo. Ukikimbia, gari linajitengenezea upepo wake. Ukisimama, linategemea feni. Angalia feni, fyuzi yake, rilei yake (swichi ya umeme inayoipelekea moto), sensa inayoiwasha, na waya. Kwenye gari ambazo feni inazungushwa na injini, kama Prado na Hilux nyingi, angalia ile klachi ya feni: zima injini ikiwa ya moto, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka bure kama pia, klachi imekufa. Piga tochi pia katikati ya rejeta na kondensa ya AC, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake. Huko kunakaa vumbi, nywele za mbuzi, wadudu, mifuko ya nailoni. Nimewahi kuona gari la shamba ambalo mbegu za nyasi zimetengeneza godoro kabisa.

Liko salama mjini, linachemsha kwenye kasi au mlimani? Tatizo ni mwendo wa maji. Rejeta imeziba ndani kama yangu, au mapanga ya wota pampu yameliwa na kutu, au themostati inafunguka nusu, au mpira wa chini umelainika na unanywea pampu ikivuta. Hilo la mwisho unaliona: boneti wazi, mwenzako akanyage mafuta, wewe utazame ule mpira. Kuijua rejeta iliyoziba nako ni rahisi. Washa gari hadi feni izunguke, zima kabisa, chomoa funguo, kisha pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta, usiguse. Sehemu iliyopoa katikati ya zilizo moto, hapo maji hayapiti. Kile kipimajoto cha mfano wa bastola kinaonyesha vizuri zaidi.

Linachemsha dakika tano au kumi tu baada ya kuwasha, popote? Maji ni pungufu, au themostati imeganda ikiwa imefunga, au kuna hewa ndani, au gasketi ya hedi imeungua, yaani ile inayoziba kati ya injini na hedi, kipande chake cha juu. Mpira wa juu ukiwa wa moto sana na wa chini umepoa kabisa wakati injini inachemsha, mshitakiwa wa kwanza ni themostati.

Na likianza kuchemsha ukiwa barabarani: AC zima. Hita washa moto wa mwisho na feni ya ndani kasi ya mwisho, vioo shusha. Mtaungua jasho, ila ile hita ni rejeta ndogo ya pili, inavuta joto la injini. Tafuta pa kusimama sasa, sio juu ya mlima. Ukiona taa ya betri imewaka pamoja na joto, ujue mkanda umekatika na pampu haizunguki, kwa hiyo hita haisaidii kitu, zima hapo hapo. Ukishasimama subiri dakika 30 hadi 45. Usimwagie injini maji ya baridi, aluminiamu ikipoa ghafla inapinda au inapasuka. Na mfuniko wa rejeta usiufungue ukiwa wa moto, hata kama umechelewa msibani. Ule mvuke unachubua ngozi ya uso kwa sekunde moja.

Karibuni wadau, maswali na nyongeza.

---

Mdau wa Mbagala:

Mkuu pole sana, na asante kwa uzi. Lakini hapo unapomlaumu fundi aliyeng'oa themostati naomba nikupinge kidogo. Fundi wangu ana miaka zaidi ya ishirini kwenye kazi, amezitoa kwenye gari zangu zote na hazijawahi kuchemsha. Dar joto, ya nini kuzuia maji?

Mleta uzi:

Mkuu nakuelewa, hata mimi niliamini hivyo. Ila joto la Dar ni nyuzi 32 au 33. Injini inataka nyuzi 85 hadi 95. Kwa injini, Dar na Makete zote ni baridi.

Ukiitoa, gari linachelewa kupata joto lake. Kompyuta inaona injini bado ya baridi, inaongeza mafuta. Unalalamika gari linakunywa, plagi zinakuwa nyeusi, oili inachafuka mapema, na injini inalika taratibu. Huoni leo, utaona baada ya miaka.

Kuna na kubwa zaidi. Themostati nyingi zina sahani ndogo ya chini. Mlango mkuu ukifunguka, ile sahani inaziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, ile njia inabaki wazi siku zote, sehemu ya maji ya moto haifiki rejeta kabisa. Mjini hutajua. Panda mlima na mzigo, utajua.

Kama unaishuku, ipime nyumbani. Ifunge uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka jikoni na kipimajoto. Yenyewe imegongwa namba, mfano 82. Maji yakikaribia namba hiyo inatakiwa ianze kufunguka, na yakikaribia kuchemka iwe wazi sawasawa. Ukiitoa kwenye maji ijifunge. Isipofanya hivyo nunua nyingine, ni kifaa cha bei ndogo. Wakati wa kuirudisha, kile kipini kidogo kinachocheza kiwe upande wa juu, hapo ndipo hewa inapotokea.

---

Dada wa Passo:

Kaka shikamoo, mimi sijui magari lakini umeandika hadi nimeelewa. Nina Passo. Tangu mwezi uliopita nikiwa kwenye foleni taa nyekundu ya joto inawaka, nikifika barabara nyeupe inazima yenyewe. Gari halina mshale, lina taa ya bluu na nyekundu tu. Fundi umeme aliiunga feni "dairekti", ukiwasha tu gari feni inazunguka muda wote. Kwa hiyo feni ni nzima, naisikia. Lakini bado. Sasa wananiambia ninunue rejeta mpya. Nifanyeje?

Mleta uzi:

Marahaba dada yangu. Usinunue rejeta kwanza. Maelezo yako ni ya upepo: foleni linachemsha, ukikimbia linapoa. Rejeta ikiziba inakuwa kinyume chake.

Feni kuzunguka ni jambo moja, kuvuta upepo upande unaotakiwa ni jingine. Feni ya umeme ukigeuza waya zake mbili, inazunguka kinyumenyume. Unasikia kelele ile ile, lakini inasukuma upepo kwenda mbele badala ya kuuvuta kutoka mbele kuja injini. Kwenye foleni inarudisha joto mbele ya gari. Kwa kuwa feni yako imeungwa upya, hilo ndilo la kwanza kuangalia.

Fanya hivi. Gari limesimama, injini inawaka, feni inazunguka. Chukua karatasi nyepesi au tishu, isogeze mbele ya grili. Inatakiwa ivutwe na kunata. Ikisukumwa kuja kwako, umepata ugonjwa. Mikono, mtandio na nywele viwe mbali kabisa na mkanda na feni.

Jambo la pili, hiyo taa nyekundu ukiiona ni amri ya kusimama. Mwenye mshale anapata onyo kidogo kabla, wewe hupati. Na hata sisi wenye mshale tusijidai, gari nyingi za sasa mshale umetengenezwa ukae katikati kwa nyuzi nyingi tu, ukianza kusogea ujue mambo yameshaharibika.

---

Dereva wa Tunduma:

Nawasalimu. Mimi ni mtu wa barabara ya Tanzam miaka mingi, nimeona gari ndogo zinakufa Kitonga kila sikukuu. Ndugu yetu mleta mada amesema kweli. Niongeze mawili.

Mlima unapandwa kwa gia. Watu wa gari za otomatiki wanaacha D, gari linang'ang'ana kwa mizunguko midogo, mguu uko chini kabisa. Weka 2 au L mapema kabla gari halijachoka, mizunguko ipande hadi 3,000 hivi, pampu izunguke haraka, maji yatembee. Na AC zima kabla ya kona ya kwanza. Usisubiri mshale ukwambie.

La pili, ukiwa kwenye foleni ya mlimani, gari limesimama na joto linapanda, weka N, vuta breki ya mkono, kanyaga mafuta kidogo ifike 1,500 au 2,000. Kwenye gari za feni ya mkanda inasaidia sana. Na acheni nafasi nyuma ya lori. Ukimgandia, unavuta hewa ya moto ya eksozi yake na rejeta yako haipati upepo.

Mleta uzi:

Ubarikiwe mkuu, hili la gia ningelijua ningefika juu.

Niongeze kwa wenye otomatiki: oili ya giaboksi kwenye gari nyingi inapozwa ndani ya rejeta hiyo hiyo ya maji, kuna kipoza kidogo kimefichwa ndani ya tanki lake. Kikipasuka, maji na oili ya gia vinachanganyika. Ukifungua rejeta ukakuta kitu kizito cha pinki kama maziwa ya stroberi, usiwashe gari tena. Hapo unapoteza giaboksi, na giaboksi haivumilii maji hata kidogo.

---

Mdau wa Makambako:

Wakuu nina Prado ya injini ya 1KZ, ile ya dizeli. Maji yanapungua, nusu lita kwa wiki hivi, lakini chini hakuna tone. Nimeshabadilisha mfuniko na mipira yote. Asubuhi ya kwanza inatoa moshi mweupe, kisha unaisha. Fundi ananishauri niweke dawa ya kuziba, mwingine ananiambia manjano au yai. Niweke?

Mleta uzi:

Mkuu usiweke chochote. Manjano, yai, na hizo dawa za kopo, vinaziba kweli, lakini havichagui. Vinaziba tundu linalovuja, vinaziba na vijia vya rejeta na vya hita. Kama uko porini na huna njia nyingine ya kufika mjini, sawa. Kama tiba, hapana.

Maji yanayopotea bila kudondoka yanaenda sehemu mbili: nje kama mvuke, au ndani ya injini. Na 1KZ inajulikana, ikichemshwa hata mara moja hedi yake inaweza kupata nyufa kati ya vali. Kwa hiyo nenda kwa kupima, usikisie.

Anza asubuhi, injini imelala usiku mzima. Kabla ya kuwasha, bonyeza mpira wa juu wa rejeta. Unatakiwa uwe laini. Ukiwa bado mgumu wa presha ya jana, kuna gesi ya silinda imeingia kwenye maji. Fungua mfuniko, jaza maji hadi juu, washa, tazama. Viputo vichache vya mwanzo ni hewa. Viputo visivyoisha, vinavyoongezeka ukikanyaga mafuta, hivyo ni moshi wa injini unapita kwenye gasketi au kwenye ufa. Mpira ukiwa mgumu ndani ya dakika mbili tu za kuwasha, wakati maji bado ya baridi, ni ushahidi ule ule, maana joto halijafika la kutengeneza presha.

Chomoa kijiti cha oili na ufungue mfuniko wake. Rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia. Ila ute kidogo chini ya mfuniko peke yake, kwa gari linalotembea safari fupi fupi za baridi ya huko kwenu, unaweza kuwa unyevu tu. Kijiti kiwe shahidi mkuu.

Kuna kipimo kinachomaliza ubishi. Ni dawa ya bluu kwenye kichupa, unakiweka kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa inawaka, unavuta hewa ya juu ya maji ipite kwenye dawa. Kukiwa na gesi ya moshi, bluu inageuka kuwa ya kijani kisha njano. Gereji nyingi hazina, lakini kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya gereji. Hata mkichanga wamiliki watano mkanunua kimoja, mtaokoa hela nyingi. Kwa dizeli badiliko linakuwa dogo kuliko petroli, kwa hiyo rudia mara mbili.

Ikithibitika, hedi inashuka. Na hapa ndipo watu wanapigwa mara ya pili. Hedi ikishashuka ipelekwe mashineni, ipimwe nyufa kwa presha, kisha inyooshewe rula ya chuma na kupimwa pengo. Injini nyingi zinakubali kupinda kwa mm 0.05 hadi 0.1 tu, unene wa karatasi au pungufu. Macho hayaoni hilo. Fundi akikwambia "nimeiangalia iko sawa", mwambie akuonyeshe rula. Na boliti zikazwe kwa spana ya kupima nguvu, kwa mpangilio wa kitabu kutoka katikati kwenda nje. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda inaungua tena ndani ya miezi.

---

Mdau wa Mbagala:

Nimekusoma kuhusu themostati mkuu, naenda kuirudisha. Swali moja, kulanti ni lazima? Si maji tu ya chupa yanatosha?

Mleta uzi:

Huku kwetu wengi wanadhani kulanti ni ya kuzuia barafu. Kazi yake kwetu ni nyingine: kuzuia kutu na kulainisha sili ya wota pampu (ile inayozuia maji yasivuje), na inapandisha kiwango cha kuchemka. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu, pamoja na mfuniko wa 1.1, hauchemki hadi kama nyuzi 129.

Kuna zilizochanganywa tayari na kuna nzito za kuchanganya, soma kopo. Ya tayari usiiongeze maji, na nzito usiijaze tupu, kwa sababu kulanti tupu inabeba joto vibaya kuliko mchanganyiko. Rangi isikudanganye, kila kampuni ina rangi yake. Fuata aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na usichanganye aina mbili usizozijua, nyingine zikikutana zinaganda kama uji.

Maji ya kuchanganyia yawe yasiyo na chumvi. Dukani omba maji ya betri yale ya kuongezea, yaliyosafishwa, na uhakikishe hupewi asidi, maana zote watu wanaziita maji ya betri. Maji ya mvua yaliyokingwa safi ni bora mara mia kuliko ya kisima. Njiani mmekwama, maji ya kunywa ya chupa yanafaa, ukifika unaflashi, yaani unamwaga yote na kusafisha ndani.

Na ukijaza upya, toa hewa. Pua ya gari ielekee juu kwenye mwinuko mdogo, hita iwe kwenye moto, mfuniko wazi, washa gari likiwa la baridi, minya mipira kwa mkono, ongeza kadiri yanavyoshuka, mpaka feni iwake na kuzima mara mbili na hita itoe hewa ya moto kweli. Wengi wanajaza, wanafunga, wanaondoka. Kesho linachemsha, wanarudi kumlaumu fundi.

Wenye gari ambazo wota pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi, kama Toyota za injini ya 3S na Subaru za injini ya EJ, mkibadilisha mkanda badilisheni na pampu siku hiyo hiyo. Ya zamani ikivuja baadaye, mnafungua kazi yote upya. Pampu ina kitundu kidogo chini. Ukiona alama kavu ya rangi ya kulanti imeshuka kutoka hapo, sili imeanza kuchoka.

---

Mdau wa Makambako:

Nimebonyeza mpira leo alfajiri. Mgumu kama jiwe. Gari nimeliegesha, naongea na watu wa mashine Mbeya.

Mleta uzi:

Pole mkuu, ila umeliegesha kabla halijagonga. Hedi inanunulika. Mimi nilinunua injini nzima.

---

Dada wa Passo:

Kaka nimerudi. Nilifanya ile ya tishu jana jioni, mdogo wangu amekaa kwenye usukani. Tishu ilinirudia usoni! Nikamwita fundi umeme, nikamwonyesha, hakubisha. Amegeuza waya, na nimemwambia airudishe kwenye rilei yake kama ilivyotoka kiwandani, isizunguke muda wote. Leo nimekaa foleni ya Tazara dakika arobaini na tano, taa haijawaka.

Mleta uzi:

Safi sana dada. Bado usilihesabu limepona. Mwezi mzima lilikuwa linawasha nyekundu, nataka kujua kama gasketi ya hedi imenusurika. Bandika kipande cha plasta kwenye tanki la akiba, usawa wa maji yalipo asubuhi injini ikiwa ya baridi. Angalia kila asubuhi kwa wiki mbili, kabla ya kuwasha. Tazama na kijiti cha oili. Yakishuka chini ya plasta bila kuona tone chini, rudi hapa.

Dada wa Passo:

Siku ya kumi na nne leo. Oili iko rangi yake. Maji yako kwenye plasta.